Windows na Linux kwenye laptopu moja: antivirusi inamlinda nani?

Mpwa wangu yuko mwaka wa mwisho chuoni. Alikuja kwangu na laptopu ya mtumba yenye Windows 10, mfumo ambao Microsoft iliufungia rasmi huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Kuipandisha kwenda Windows 11 haikuwezekana kwa sababu prosesa yake ni ya zamani. Kuifuta Windows nako hakutaki, maana SPSS, programu ya takwimu za utafiti wake, iko humo, na msimamizi wake anarudisha kazi zikiwa na maoni pembeni kwenye Word. Tukakubaliana tuweke Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kando yake. Ukiwasha mashine inakuuliza unataka ipi, unachagua, unaendelea na shughuli zako.

Siku ya pili akaniuliza: "Shikamoo mjomba. Hii antivirusi ya Windows inalinda na huku Ubuntu?"

Nilijibu "hapana", halafu nikagundua kwamba hapana yangu ilikuwa nusu ya jibu. Nusu iliyobaki ilitula jioni nzima.

Tuanze na jambo ambalo watu wengi hawalitilii maanani. Laptopu yenye mifumo miwili haiendeshi mifumo miwili. Inaendesha mmoja kwa wakati mmoja, na ule mwingine ni mafaili tu yaliyolala kwenye diski. Antivirusi kama Microsoft Defender, ambayo tangu Windows 8 huja ndani ya Windows yenyewe, ni programu inayokaa macho karibu na keneli, kiini cha mfumo: kila faili linapofunguliwa au kunakiliwa, inalitupia jicho kwanza. Ukiwa upande wa Ubuntu, hiyo Defender haiko macho popote. Ni folda ndani ya diski C, kama sare ya askari iliyoning'inizwa ukutani. Askari mwenyewe hayupo, zamu yake haijaanza. Unaweza kupakua kirusi kilichoandikwa jina lake kwa herufi kubwa, ukakiweka kwenye folda yake mwenyewe, na asikohoe.

"Basi Ubuntu iko uchi," akasema. Hapana tena.

Programu ya Windows, ile yenye mkia wa .exe, imefumwa kwa namna ambayo keneli ya Windows inaielewa. Linux ina mfumo wake wa kufuma programu, uitwao ELF, na ukiipa .exe haijui ianzie wapi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya virusi vinavyozunguka kwenye flashi za mitaani kwetu vikifika Ubuntu vinakaa tu kama barua iliyoandikwa kwa lugha usiyoijua. Isipokuwa umeweka Wine. Wine ndiyo mkalimani wa hiyo lugha, na kwa kawaida yake huionyesha diski yako yote ya Linux kwa jina la Z:. Kirusi cha kufunga mafaili na kudai pesa kikiendeshwa kupitia Wine kinaweza kuingia kwenye folda yako ya nyumbani na kufanya kazi yake bila haya. Nimeshaona watu wakiweka Wine ili waendeshe kimchezo kimoja kilichovunjwa leseni, halafu wanashangaa.

Linux nayo ina virusi vyake, tusidanganyane. Seva nyingi za dunia zinatumia Linux, na wanaotafuta pesa wanazifuata huko huko. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuingia kwake kwenye seva kwa SSH, njia ya kuingia kwenye mashine kwa mbali, kunachelewa kwa sehemu ya sekunde, akafukua mpaka akakuta mlango wa siri umepandikizwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili ambayo karibu kila Linux inayo. Antivirusi haikuuona mlango ule. Aliuona mtu mmoja mwenye kero ndogo. Ila kwa mwanafunzi anayechukua programu zake kwenye hifadhi rasmi ya Ubuntu na kusasisha kila mara, hatari ya upande ule ni ndogo kuliko ya flashi moja kutoka steshenari.

Na flashi yenyewe alikuwa nayo mkobani. Wiki moja nyuma alikwenda kuprinti sura ya pili ya utafiti wake, akarudi nayo ikiwa na ugonjwa tunaoujua wote: ukiifungua kwenye Windows unakuta kishotkati kimoja tu chenye jina la flashi, na mafaili yako hayaonekani. Tuliichomeka upande wa Ubuntu. Linux haijali ile alama ya Windows ya kuficha mafaili, kwa hiyo kila kitu kilikuwa wazi mezani: kishotkati cha .lnk, kidogo kabisa. Folda ambayo jina lake ni nafasi tupu, na ndani yake sura ya pili nzima, haijaguswa. Na faili moja la .vbs, yaani skripti ya Windows, lenye jina la herufi za ovyo. Nililifungua lile la .vbs kwa programu ya kuandikia, kama unavyofungua barua. Kule lilikuwa maandishi tu. Nikamwonyesha jinsi mchezo unavyokwenda: ukibofya kishotkati, kinaiambia Windows iendeshe .vbs kimyakimya, kisha kinakufungulia ile folda isiyo na jina. Unaona mafaili yako, unaridhika, unaendelea na kazi. Wakati huo kirusi kimeshajinakili ndani ya kompyuta, kinasubiri flashi ijayo.

"Yule mama wa steshenari," mpwa akasema, na hakuimalizia sentensi.

Hapo ndipo nusu ya pili ya jibu inapoanzia. Ubuntu haikuumwa na ile flashi, lakini ingeweza kuibeba. Ukinakili folda nzima kutoka kwenye flashi, ukaituma kwa barua pepe kwa msimamizi anayetumia Windows, umemfikishia ugonjwa mpaka mlangoni, tena kutoka kwenye kompyuta ambayo kila mtu anaamini haina virusi. Sababu ya kwanza ya kuwa na programu ya kuskani upande wa Linux ni kuwalinda wengine. Na mmoja wa hao wengine ni Windows iliyolala kwenye laptopu hiyo hiyo.

Ubuntu inaisoma diski ya Windows bila shida. Dereva za kusoma NTFS, mpangilio wa mafaili wa diski za Windows, zimekuwapo miaka mingi, na tangu keneli ya 5.15 ya mwaka 2021 kuna iliyo ndani ya keneli yenyewe. Ikishaifungua, zile ruhusa za Windows za nani aguse nini kwa kawaida hazina nguvu tena. Folda ya mtumiaji mwingine uliyokuwa ukizuiwa kuiona ukiwa Windows, kwa Ubuntu ni folda kama nyingine. Ina maana skripti mbaya ikipata nafasi upande wa Linux inaweza kuweka faili kwenye folda ya programu zinazojiwasha zenyewe Windows inapoamka, na hakuna wa kuizuia. Kinachookoa ni kwamba Windows ikiamka, Defender inaamka nayo na kukagua kile kinachotaka kuendeshwa. Mzigo umeingizwa usiku, unakaguliwa asubuhi.

Upande wa pili mambo yanaonekana tofauti. Windows haifungui ext4, mpangilio wa mafaili wa Linux, kwa kawaida, na wakati mwingine inaiona kama diski iliyoharibika na kukushauri uiformati. Usikubali, hata kama imekuuliza kwa adabu. Watu wengi huona kutosomeka huku kama kinga: virusi vya Windows haviwezi kufika Linux kwa sababu havioni mafaili yake. Si kweli. Programu yenye mamlaka ya msimamizi kwenye Windows haihitaji kuelewa mafaili yako ili iyaharibu. Inaweza kuandika juu ya diski yenyewe, sekta kwa sekta, kama mtu anayemwaga rangi juu ya kitabu asichoweza kukisoma.

NotPetya ilifanya kitu cha namna hiyo. Tarehe 27 Juni 2017 ilienea kutoka Ukraine kupitia sasisho la programu ya uhasibu iitwayo M.E.Doc, na kwenye kompyuta zenye BIOS, ule mtindo wa zamani wa kuwasha mashine, iliandika juu ya sekta ya kwanza ya diski. Kwenye mashine ya mifumo miwili ya aina hiyo, sekta hiyo ndipo anapokaa GRUB, yule anayekuuliza unataka mfumo upi. Kampuni ya meli ya Maersk ilipoteza karibu seva zake zote zinazotunza orodha ya watumiaji, duniani kote. Iliyobaki ilikuwa moja, katika ofisi ya Ghana, na ilipona kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kabla kirusi hakijafika. Diski yake ilitakiwa Uingereza haraka, lakini hakuna mfanyakazi wa Ghana aliyekuwa na viza ya kuingia huko, ikabidi ipelekwe kwanza Nigeria na kukabidhiwa mwenzao aliyekuwa na viza. Tuliocheka umeme kukatika, na viza kukosekana, tunaelewana.

Nimekileta kisa hicho kwa sababu moja. Seva ya Ghana ilipona kwa kuwa ilikuwa imezimwa kabisa, waya haupitishi kitu. Linux iliyolala wakati Windows inafanya kazi haijazimwa kwa maana hiyo. Diski yake inazunguka, ina umeme, na kirusi kilicho macho kinaifikia. Kulala siyo kutokuwepo.

Kuna kipande kimoja cha diski ambacho ni cha wote wawili, nacho ni kidogo kiasi kwamba hukioni kwenye orodha ya kawaida. Kompyuta za UEFI, mtindo mpya uliochukua nafasi ya BIOS, zina patisheni (kipande cha diski) ya FAT32 inayobeba programu za kuwashia: ya Windows imo, ya Ubuntu imo. Ndilo geti la ua. Kirusi kikikaa getini kinaamka kabla ya mfumo wowote, kwa hiyo kabla ya antivirusi yoyote, na kinaweza kuamua askari aingie kazini au asiingie. Machi 2023 watafiti wa ESET, kampuni ya antivirusi, walichambua kirusi kiitwacho BlackLotus kinachokaa hapo hapo, kwenye Windows iliyosasishwa, na kazi yake mojawapo ni kuizima Defender. Novemba 2024 wakaonyesha Bootkitty, cha kwanza cha aina yake kilicholenga Linux, ingawa hicho kilikuwa cha majaribio.

Kinachotakiwa kulinda geti ni Secure Boot, ambayo hukagua sahihi ya kila programu ya kuwashia kabla ya kuiruhusu. Mafundi wengi wanaiondoa kama jambo la kwanza wanapoweka Linux, kwa mazoea ya miaka ambayo haikuwa ikielewana nayo. Siku hizi Ubuntu na Fedora, Linux nyingine, zinakuja na programu ndogo iitwayo shim iliyotiwa sahihi na Microsoft, na zinawaka vizuri Secure Boot ikiwa imewashwa. Nasema hivyo nikikumbuka Agosti 2024, sasisho la usalama la Windows lilipobadilisha orodha ya matoleo ya programu za kuwashia yasiyokubalika, likatakiwa liziruke kompyuta za mifumo miwili, likashindwa kuzitambua zote. Watu waliamka asubuhi, Linux yao inakataa kuwaka kwa madai ya kuvunja sera ya usalama. Dawa ilikuwa kuizima Secure Boot kwa muda, kuingia Linux, kuandika amri ya sudo mokutil --set-sbat-policy delete, kuzima na kuwasha, kisha kuirudisha. Wengi waliishia kwenye hatua ya kwanza na hawakuirudisha mpaka leo.

Baada ya maneno yote hayo nilitaka mpwa aone kwa macho. Kuna faili la majaribio liitwalo EICAR, mstari mmoja wa herufi 68, halina madhara yoyote, lakini antivirusi zote zimekubaliana kulipigia kelele kama kirusi. Tukaliandika tukiwa Ubuntu, tukalihifadhi kwa jina la eicar.com ndani ya folda ya mapakuzi ya Windows. Kimya, kama nilivyomwambia. "Sasa zima, ingia Windows, libofye. Utaona."

Akazima, akaingia, akalibofya. Windows ikalalamika kwamba programu hii haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta yake. Basi. Hakuna onyo jekundu. Defender ilikuwa na alama yake ya tiki ya kijani pale chini, imetulia.

Nilijikuta sina la kusema mbele ya mwanafunzi wangu. Tukafungua mipangilio ya Defender, tukashuka mpaka kwenye orodha ya vitu ambavyo imeambiwa isivikague. Kulikuwa na kitu kimoja tu: C:\

Diski nzima. Fundi aliyemuuzia laptopu alikuwa ameiamilisha Windows na Word kwa kile kiprogramu cha kukwepa leseni, ambacho maelekezo yake siku zote huanza na "zima antivirusi kwanza". Huyu alipata njia ya kudumu: hakuizima, aliiambia isiangalie popote. Askari alikuwa zamu miezi yote hiyo, amevaa sare, amegeukia ukuta.

Tulikuwa na njia mbili: kuiamini Defender iliyofunguliwa macho ghafla, au kuipeleka Windows hospitali ikiwa imelala. Nilichagua ya pili, kwa sababu hapa ndipo mifumo miwili inapokulipa. Kirusi kinachojua kujificha hujificha kwa kuidanganya Windows inapouliza kuna nini kwenye folda hii. Ukiikagua diski kutoka Ubuntu, kirusi hakiendeshwi, hakina mdomo wa kudanganya, kimelala pale kama faili jingine.

Kwanza Windows lazima izimwe kweli. Ule mpangilio wake wa Fast Startup haumzimi mtu, unamlaza usingizi mzito, na Ubuntu ikiikuta diski katika hali hiyo inakataa kuiandika au hata kuifungua. Shikilia Shift unapobofya kuzima, au andika shutdown /s /t 0, au afadhali uuondoe mpangilio wenyewe kabisa. Pili, kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows yenyewe, Ubuntu haitaona kitu mpaka uipe ufunguo wa dharura. Yake haikuwa imefungwa. Tatu, ifungue kwa kusoma tu:

sudo mount -o ro /dev/sda3 /mnt

Namba ya patisheni utaipata kwa lsblk, yako huenda ikawa nyingine. Kisha ClamAV, antivirusi huria ambayo sasa iko chini ya Cisco na ipo kwenye hifadhi ya Ubuntu:

clamscan -r -i /mnt/Users

Ukitumia -i inakutajia tu vilivyoambukizwa, vinginevyo skrini inajaa majina ya mafaili mpaka kichwa kinauma. Usiiongezee amri ya kufuta. ClamAV si hodari kama Defender kwa virusi vya Windows, na mara nyingine hushuku kitu kisicho na kosa. Ikifuta faili la mfumo, Windows haitaamka, na hapo utakuwa umejitibu kwa panga. Iache itaje, wewe uandike, uamue mwenyewe.

Ilichukua zaidi ya saa moja, chai ikapoa. Ilitaja lile EICAR letu. Ilitaja kiprogramu cha kukwepa leseni. Na ilitaja faili la .vbs ndani ya AppData\Roaming, lenye jina la herufi za ovyo ambazo tulikuwa tumeshaziona jioni ile ile kwenye flashi. Tarehe yake ilikuwa ya miezi minne nyuma. Kabla ya sura ya pili, kabla ya steshenari.

Tulirudi Windows, tukaiondoa ile C:\ kwenye orodha. Kabla hatujafungua folda yoyote, onyo likatokea pembeni, halafu jingine. Defender ikasafisha vile vitatu. Word iliyopoteza leseni yake ya wizi nimemwekea LibreOffice kwa muda, na amepata habari kwamba chuo chake kinawapa wanafunzi akaunti ya Microsoft ya bure, jambo ambalo hakuna aliyemwambia kwa miaka mitatu.

Sikumwongezea antivirusi ya pili upande wa Windows, maana mbili zinazokagua faili moja kwa wakati mmoja zinagombana na kuilemea mashine ya zamani. Microsoft imesema itaendelea kuipa Defender orodha mpya za virusi kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028, ila askari kupewa picha mpya za wahalifu si sawa na ukuta kuzibwa nyufa, kwa hiyo upande ule tumeuachia SPSS na Word tu, na intaneti anaitumia akiwa Ubuntu. Ubuntu haina antivirusi ya kudumu, ina ClamAV ya kuita inapohitajika, hasa flashi ikitoka nje. Mafaili ya utafiti nimeyawekea patisheni yao wenyewe ambayo pande zote mbili zinaisoma, na diski C haifunguki tena yenyewe akiwa Ubuntu. Nakala iko kwenye diski ya nje inayokaa kabatini, haichomekwi ila siku ya kunakili.

Kuhusu nywila, hilo nilimwamuru. Kirusi kilichokaa miezi minne kwenye Windows kinaweza kuwa kimesoma zilizohifadhiwa kwenye brauza, na akaunti ya Google ni ile ile uwe Windows uwe Ubuntu. Kubadilisha mfumo hakubadilishi akaunti. Akakaa upande wa Ubuntu, akazibadilisha moja moja: barua pepe kwanza, kwa sababu ndiyo inayofungua nyingine zote, kisha akatoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia. Angezibadilisha akiwa kwenye Windows kabla hatujaisafisha, angekuwa anamsomea mwizi namba mpya za kufuli.

Alipomaliza akauliza flashi alizochomeka kwenye laptopu ile ni ngapi tangu aipate. Hakuna aliyejua. Yake, za wenzake watatu wa kundi la utafiti, na ile ya mama wa steshenari aliyomwazima siku moja printa ilipogoma kusoma yake.

"Mjomba," akasema, "kumbe nilimpelekea mimi."

Kesho yake asubuhi alikwenda pale dukani na laptopu yake, akamwomba mama flashi zake zote, akaziskani kwenye kaunta akiwa Ubuntu. Mbili zilikuwa na kile kishotkati.